Riwaya ambazo mama hafi mapema: tupeane majina

BintiNgamiani (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Wakubwa zangu, shikamooni.

Uzi huu kauanzisha mama yangu, mimi ni karani tu. Alikuja kwangu Dar kutoka Tanga kutolewa mtoto wa jicho. Bado si mzee kihivyo, ila sukari imemwahisha. Jicho la kulia limeshatolewa, la kushoto tunasubiri. Daktari kasema asiiname, asikae jikoni kwenye moshi, apumzike. Sasa mwanamke aliyezoea kuamka saa kumi na moja alfajiri kukuna nazi, wewe umwambie apumzike! Siku ya pili alishagombana na dada wa kazi kuhusu namna ya kumenya muhogo, na hakuwa akimwona. Alikuwa akisikia kisu.

Nikaona hapa patachimbika. Nikatoa Siku Njema ya Ken Walibora, nakala niliyoinunua zamani kwa wale wauza vitabu wanaotandaza chini, nikamwambia mama nakusomea, kinaanzia kwetu Tanga.

Akatulia. Msimulizi, kama mnakumbuka, ni Msanifu Kombo aliyejulikana kwa jina la Kongowea Mswahili, na mama yake Zainabu Makame ni mwimbaji wa taarabu. Mama yangu kwa taarabu humwambii kitu. Nikisoma habari za Zainabu nikawa namwona anapigapiga kidole kwenye shuka, anafuata wimbo ambao kitabuni haumo. Kisha Zainabu akafa.

"Kafa? Mbona mapema hivyo?"

Nikamweleza ndivyo hadithi ilivyo, mtoto anabaki yatima, anateseka, halafu anashika njia kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Mama akafikiri kidogo.

"Ahaa. Kwa hiyo mama kafa ili mtoto apate nauli."

Nilicheka mpaka nikafunga kitabu. Lakini usiku sikucheka. Niliwasha taa nikaanza kupekua kabati. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, 1976: Aziza anakufa, Rehema anabaki kwa Fuad, baba asiyemtaka kwa sababu ya weusi wake. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, 1980: Bi Tamima hafi, lakini Maksuudi anamfungia ndani miaka yote, kisha anampa talaka, na sisi wasomaji tunamkimbilia binti, Maimuna, huko mjini anakopotelea. Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971: Regina yupo, tena tunaanza naye, ila sauti yake imezama chini ya kipigo cha Zakaria. Nimeisoma mara tatu na bado sijui Regina alitamani nini maishani mbali na kupumzika.

Sisemi ni vitabu vibaya. Utengano ningeokoa nyumba ikiungua. Nasema tu mama akiwa katikati ya njia, hadithi zetu humwondoa ili mtoto apite.

Na niseme ukweli, mimi nina kesi yangu hapo. Mama alinizaa akiwa kidato cha tatu. Enzi hizo ukipata mimba shule ndiyo basi. Bibi akanichukua Muheza, mama akapelekwa Dar kwa shangazi yake kufanya kazi za ndani. Mpaka nina miaka tisa nilikuwa namwita mama yangu dada. Alikuwa akija Idi na viatu, na viatu vyenyewe kila mara vilikuwa vidogo, maana alikuwa akinikumbuka kwa urefu wa mwaka uliopita.

Kwa hiyo natafuta riwaya ambazo mama yu hai, anasema, anakosea, na mtoto anabaki na deni kwake au yeye kwa mtoto. Kiswahili kwanza. Za kutafsiriwa sawa. Za Kiingereza nazo leteni, nitamtafsiria mama kwa mdomo. Tafadhali msiniletee ya "nani kama mama". Hayo nayasoma kila siku nyuma ya daladala.

Nianze na yangu. The Joys of Motherhood ya Buchi Emecheta, Mnigeria, 1979. Kichwa chake maana yake ni raha za kuwa mama, na humo ndani hiyo raha utaitafuta kwa tochi. Kinaanza mwaka 1934, mwanamke anaitwa Nnu Ego anakimbia katika mitaa ya Lagos, maziwa yanamchuruzika kwenye nguo, anakwenda darajani kujirusha. Mtoto wake wa kwanza amekufa mchanga asubuhi hiyo. Mume wa mwanzo alikwishamwacha pembeni kwa sababu hakushika mimba. Mke mwenziwe akazaa, naye Nnu Ego akawa anamnyonyesha yule mtoto kwa siri usiku. Huyu wa pili, Nnaife, ni dobi wa wazungu, anafua hadi nguo za ndani za mke wa bwana wake, na Nnu Ego hamheshimu hata kidogo, lakini anakaa kwa sababu huyu kampa watoto.

Na anazaa. Wengi. Anauza sigara na kuni, wa kike wanaacha shule ili wa kiume wasome. Mtoto mkubwa anakwenda Marekani, mwingine Kanada. Mwisho siwaharibii sana nikisema kwamba anakufa usiku pembeni ya barabara, peke yake, hana wa kumshika mkono, halafu watoto wanarudi kumfanyia mazishi ya fahari. Wanamjengea na mahali pa tambiko ili wajukuu wakitaka uzazi wamwombe. Wanamwomba. Naye hawapi.

Hapo mama yangu aliposikia alisema neno moja: "Safi."

---

Kahawa_Chungu

Mleta mada, uzi mzuri ila unawaonea wazee wetu. Kifo cha mama si ujanja wa mwandishi. Hebu uliza kwenu, katika bibi zako wangapi walikufa na mimba au wiki ya kujifungua? Mimi baba yangu hajui sura ya mama yake, hakuna hata picha. Mtu kama huyo akiandika riwaya, mama atakufa tu, si kwa nauli ni kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Yatima katika fasihi yetu anatoka kaburini kweli.

Halafu Zainabu wa Siku Njema amekufa, sawa, lakini mtoto kila anakokwenda yuko naye. Hiyo nayo si kuishi?

---

BintiNgamiani

Mkuu, hapo umenipata nusu. Nakubali kaburi ni la kweli. Lakini mama anayebaki kichwani mwa mtoto hakosei tena, hadai, haombi hela ya dawa. Ni mama mwepesi kubeba. Mimi nataka yule anayepiga simu saa tano usiku kuuliza kwa nini hukupiga.

---

MwalimuNakuru

Hamjambo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili huku Kenya, na jibu lako liko kwenye kabati ya kila mtahiniwa wa juzijuzi. Chozi la Heri ya Assumpta Matei, 2017.

Wengi hukichukulia kama kitabu cha vita vya baada ya uchaguzi, na ndicho, lakini ukikichungua ni kitabu cha watoto waliopoteana na akina mama. Naomi, mkewe Lunga, mumewe akifutwa kazi na maisha yakizidi kuwa magumu, anaondoka. Hafi! Anaondoka kwa miguu yake, anaacha watoto watatu: Umu, Dick na Mwaliko. Baba anakufa baadaye. Halafu kijakazi wao Sauna anawaiba wale wavulana wawili na kuwapeleka kwa biashara ya watoto. Umu anaishia kulelewa na Mwangeka na Apondi, Mwaliko anachukuliwa na Mwangemi na Neema, mwanamke aliyemtafuta mtoto kwa miaka. Kwa hivyo una aliyezaa akaondoka, na ambaye hakuzaa akabaki.

Lakini mimi anayenikosesha usingizi ni mamake Sauna. Sauna huyu tunayemchukia kwa wizi wa watoto, rudi nyuma uone alivyotendwa. Baba mlezi alimharibu, akashika mimba, na mamake akamsaidia kuitoa na kumwambia anyamaze ili nyumba isiaibike. Mama alichagua ndoa. Sehemu fupi tu, mwandishi anapita kama anayepita karibu na moto, na watahiniwa wengi hupita pia kwa sababu haiulizwi sana.

Nikupe kisa. Miongozo yote ya sokoni humpa Naomi sifa zile zile: mwenye tamaa, msaliti, asiyewajibika. Nikawapa kidato cha tatu swali la sifa za Naomi. Kijana mmoja mtulivu, wa safu ya nyuma, akaandika sifa mbili kama zilivyo kwenye mwongozo, kisha akaruka mistari na kuandika: "Mwalimu, mamangu alienda Saudia nikiwa darasa la tatu. Hutuma pesa. Naye ni msaliti?"

Nilimpa alama zote nikatoka nje kidogo.

---

Kahawa_Chungu

Eh. Mwalimu umenimaliza.

---

shuka_la_mama_MCT

Assalamu alaykum nyote. Miye Mzanzibari niko Maskati, nasoma zaidi kuliko kuandika, lakini hapa siwezi kunyamaza.

Mtafute Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa kwetu Zanzibar. Si Paradise, ingawa hiyo sasa imetiwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi na mamako ataisikia bila ya wewe kutafsiri. Nasema Gravel Heart, ya 2017, hii miye nimeisoma kwa Kiingereza. Jina ni kama kusema moyo wa kokoto.

Inaanza mtoto, Salim, anasema baba yake hakumtaka. Baba kaondoka nyumbani mtoto ana miaka saba, kahamia chumba cha nyuma ya duka, kakaa humo kama mtu aliyekatika. Na mama, Saida, kila siku anampelekea chakula kwenye kikapu. Kila siku! Mtoto akikua ndiye anayekibeba. Hamna anayemwambia kwa nini. Anapeleka kikapu kilichojaa, anarudi na vyombo vitupu, na siri yote ya nyumba imo mle baina ya wali na mchuzi.

Baadaye anapelekwa London kwa mjomba, anamwandikia mamake barua, nyingine anazituma, nyingine anaziandika daftarini zisitumwe. Zile za kweli ndizo zisizotumwa. Ukifika mwisho utajua mama alifanya nini na kwa ajili ya nani, na utaona aliloliita mtoto aibu lilikuwa fidia. Sisemi zaidi. Mama anakufa, ndiyo, lakini si mapema, na kufa kwake hakumfungulii mtu njia. Kunamfungia.

Miye mamangu yuko Unguja. Tunazungumza kila Ijumaa kwa simu, "umekula?", "nimekula, nawe?", "alhamdulillah." Miaka kumi na mitatu. Hicho ndicho kikapu chetu.

---

Fundi_Saa

Mimi si mtu wa riwaya, ni dada yangu ndiye alinipa hii wakati wa Korona nikiwa nimekaa bila kazi. Ni ya Mkorea, Kyung-sook Shin, ya 2008 kwa lugha yao, Kiingereza inaitwa Please Look After Mom. Yaani mtunzeni mama.

Wazee wawili wanatoka kijijini kwenda Seoul kwa watoto wao. Stesheni kuna msongamano, baba anatangulia kuingia kwenye treni kama alivyozoea kutangulia maisha yote, milango inafunga, anageuka, mkewe hayupo. Kapotea. Basi watoto wanakutana kuandika tangazo la kumtafuta, na hapo kwenye tangazo ndipo nilipoanza kupata kijasho. Hawajui waandike kazaliwa lini. Kwenye karatasi za serikali ni 1938, baba anasema ni 1936. Hawana picha yake ya karibuni. Na kadiri kitabu kinavyokwenda unagundua hakuwa anajua kusoma, aliwaficha, na binti yake mkubwa ni mwandishi wa vitabu! Mtoto ni mwandishi, na mama hawezi kusoma hata jalada.

Jingine: sehemu kubwa imeandikwa kwa "wewe". Wewe ulifanya hivi, wewe ulisahau vile. Mwanzoni iliniudhi, baadaye nikaona kumbe naambiwa mimi.

Maana mama yangu alikuja kutoka Singida na basi, akashuka Mbezi, stendi ya Magufuli. Nilimwambia ningekuwepo saa kumi. Nilikuwa na mteja, nikachelewa, simu yake ikazima chaji. Nilizunguka ile stendi kama kichaa. Saa moja kasoro nikamkuta upande wa mabasi ya kuondoka, amekalia begi lake, kamshika kuku miguu kwa mkono mmoja. Nikaanza kumfokea kwa nini hakukaa tulipokubaliana. Akanisubiri nimalize, akafungua kitambaa akanipa yai la kuchemsha. "Nilijua hujala mchana."

Mpaka leo sijamwomba msamaha kwa maneno. Nimemnunulia simu ya betri kubwa.

---

Jicho_la_Tatu

Wakuu kuna mwenye PDF za hivi vitabu aturushie humu? Uchumi umekaza.

---

BintiNgamiani

Jicho_la_Tatu, hapana. Waandishi wetu wanakufa maskini na sisi tunarushiana. Maktaba ya taifa iko pale Bibi Titi, ada yake si ya kutisha. Za kutafsiriwa zamani ndiyo shida, zile utazipata kwa wauza vitabu vya mtumba tu, na uwe na mdomo wa kubembeleza.

Fundi_Saa, nimemsomea mama ulichoandika. Kaniuliza huyo kijana ana mke? Nikamwambia mama huu ni uzi wa vitabu.

---

Nakku_wa_Ntinda

Habari kutoka Kampala, Kiswahili changu mnisamehe. The First Woman ya Jennifer Nansubuga Makumbi, 2020. Kirabo analelewa na babu na bibi kijijini, enzi za Idi Amin, kila mtu anampenda, na yeye anataka kitu kimoja tu: kujua mama yake ni nani. Anamwendea mwanamke kipofu ambaye kijiji kinamwita mchawi, ndiye amsaidie. Siwaambii yote ila anapomfikia yule mama, mama hamtaki. Ana maisha mengine na huyu mtoto ni siri. Nilikitupa kitandani. Halafu nikakiokota, maana mwandishi hakukupa ruhusa ya kumchukia yule mama, anakuonyesha alizaa akiwa msichana wa shule.

BintiNgamiani, wewe usikisome ukiwa peke yako.

---

BintiNgamiani

Asante Nakku. Nimekaa na hii sentensi yako ya mwisho muda mrefu kidogo.

---

mkunga_mstaafu

Wanangu hamjambo. Nimefanya kazi ya kuzalisha miaka thelathini na moja, nimeona mama wa kila namna, na nawaambia wapo wanaomtazama mtoto aliyezaliwa sasa hivi kama mtu anavyotazama bili. Siku hizi wana jina la kitaalamu kwa hayo, zamani tulikuwa tunawaambia wana pepo, au tunawagombeza. Mimi mwenyewe nimewagombeza. Hayo ndiyo ningependa mtu ayaandike kwa Kiswahili, siku arobaini za uzazi jinsi zilivyo, si nyimbo na supu tu.

Kitabu changu ni Barua Ndefu Kama Hii. Ya Mariama Bâ wa Senegali, ilitoka kwa Kifaransa 1979, ikapata tuzo ya Noma ya vitabu vya Afrika mwaka uliofuata, ya kwanza kabisa kutolewa, na mwandishi akafariki 1981. Ninayo ya Kiswahili, imechakaa, jalada limeshikwa na plasta ya hospitali.

Watu husema ni kitabu cha uke wenza. Ramatoulaye kafiwa na mume, yuko eda, anamwandikia rafiki yake Aissatou. Mume alikuwa kaoa rafiki wa binti yao, msichana mdogo Binetou. Haya. Lakini hebu tazameni akina mama walivyojipanga humo. Mama yake Binetou anamlilia mwanawe akubali yule mzee, aache shule, ili yeye mama atoke kwenye shida: apate nyumba, aende Maka. Na anapata.

Kisha kuna shangazi Nabou, huyo ndiye fundi. Mwanawe Mawdo, daktari, kamwoa Aissatou, binti wa sonara, na mama damu yake ya kifalme inachemka. Hagombani. Hapigi kelele. Anafunga safari kwa kaka yake, anaomba apewe mtoto wa kike amlee, anamleta nyumbani, anamsomesha, anamfundisha adabu na hadithi za ukoo, anampeleka kusomea ukunga. Miaka! Halafu anamwambia mwanawe: mjomba wako kakupa huyu mke, ukikataa utaniua kwa aibu. Mawdo anaoa, anasema ni kwa ajili ya mama. Aissatou anachukua watoto wake wanne wa kiume na kuondoka.

Huko kwetu pwani tunasema radhi ya mama. Huyu alitumia radhi kama mtu anavyotumia panga, tena taratibu, bila kumwaga jasho.

BintiNgamiani, niandikie pembeni. Niko Temeke. Nitakuazima, lakini nakuazima, sikupi.

---

Mzee_wa_Bao

Mods msinipige, hii si riwaya. Ila mkitaja mama anayesema, msiisahau Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Mama mgonjwa kitandani anamwita bintiye aje na wino na karatasi, amwachie maneno. Wengine siku hizi wanauponda, wanasema ni kumfundisha mtoto utumwa kwa mume. Inawezekana. Lakini usome ukijua yule ni mjane anayekufa, ana binti mdogo, na mali pekee anayoweza kumwachia isinyang'anywe ni namna ya kuishi katika nyumba ya mwanamume. Mimi nikiusoma hivyo nasikia hofu zaidi kuliko utii.

---

MwalimuNakuru

Mzee nakuunga mkono. Na mtu akinitungia riwaya ya yule binti, alivyoyapokea yale maneno na ni mangapi alipuuza, nitainunua nakala arobaini za darasa.

---

BintiNgamiani

Wakuu nimerudi. Samahani kwa ukimya, tulikuwa na jicho la pili.

Nilikwenda Temeke. Mkunga alinipa kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya gazeti, ndani ya mfuko mwingine, na akaandika namba yangu ya simu kwenye daftari lenye majina ya watoto aliowazalisha. Amemzidi mama yangu kwa ukali, wakae mbali hawa wawili.

Tumesoma jioni tisa. Kwa shangazi Nabou mama alicheka sana, akasema huyo anamfahamu, alikuwa jirani yetu barabara ya kumi na tano, na akanitajia mpaka jina la mkwe aliyeondoka. Kwa mama yake Binetou hakucheka. Alisema "njaa, mwanangu," basi.

Jana tukafika mahali ambapo Ramatoulaye anagundua kuwa mmoja wa binti zake ana mimba. Naye anaitwa Aissatou, kapewa jina la yule rafiki. Bado mwanafunzi. Mvulana ni mwanafunzi pia, na kama kawaida atakayefukuzwa shule ni msichana. Mnaokumbuka, huku kwetu marufuku ya wasichana waliojifungua kurudi shuleni imeondolewa Novemba 2021 tu. Ramatoulaye anasikia dunia inamzunguka. Ana watoto kumi na wawili, mume hana, majirani wana macho. Unamwona kabisa anavyopima: hasira iko hapa, aibu iko hapa. Kisha anamkumbatia mtoto. Anaamua kuwa upande wake. Hakuna hotuba.

Nilikuwa nasoma kwa sauti ile ile ya siku zote, sikutaka ibadilike. Mama alikuwa amelala chali, bandeji kwenye jicho la kushoto, la kulia linatazama feni.

"Funga," akasema.

Nikafunga. Nikaenda jikoni, nikachemsha uji wa ulezi, nikaweka ndimu badala ya sukari kama daktari alivyosema. Nikamletea. Akanywa nusu. Nje muuza kashata alikuwa anapita anagonga chuma chake. Nikidhani tumemaliza kwa leo, nikaanza kukikunja kitabu kwenye gazeti lake.

"Bibi yako hakuwa mtu mbaya," akasema.

"Najua mama."

"Alikuwa na watu wa kuwaogopa."

"Najua."

Akanipa kikombe. Akajipangusa mdomo kwa ncha ya kanga.

"Soma tena pale alipomshika. Ulikwenda haraka."

Nikafungua, nikatafuta ukurasa, nikasoma tena.

---

Jicho_la_Tatu

Mkuu hiyo maktaba ya Bibi Titi Jumamosi wanafungua?